Pemba kwa Mzamiaji wa Ufukweni: Tathmini ya Kigomasha na Misali

Mtu anayetaka kuzamia kutokea ufukweni, kwa mpango wake mwenyewe na akiwa na mwenzake mmoja tu, bila kusubiri boti ijae wageni, hana nafasi kubwa ya kuchagua katika visiwa vyetu. Unguja ina vituo vingi vya kuzamia, lakini karibu vyote vinategemea safari za boti. Pemba, ambayo kwangu mimi ina bahari nzuri kuliko zote nilizozamia katika nchi hii, ina vituo vichache mno, na fukwe zake hazimpokei mzamiaji kwa saa yoyote aitakayo. Hata hivyo, baada ya kulinganisha visiwa hivi viwili katika misimu tofauti, nimefikia uamuzi kwamba anayetafuta utulivu na uhuru aende Pemba, upande wa magharibi, na agawe muda wake baina ya rasi ya Kigomasha na kisiwa cha Misali. Yako masharti, nayo nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu asiyeyajua atatumia fedha nyingi na kuishia kukaa mchangani akiyatazama maji.

Kuzamia kutoka ufukweni kunahitaji mambo manne yakutane: mwamba ulio karibu na nchi kavu, ufukwe uliokingwa na upepo, maji yasiyopanda na kushuka kupita kiasi, na mahali pa kupata mitungi iliyojazwa hewa safi. Wazamiaji wanaozunguka dunia huitaja sana Bonaire, kisiwa cha Uholanzi kilichopo katika bahari ya Karibi, kwa sababu huko yote manne yapo. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo pwani ya magharibi hutulia. Matumbawe huanza karibu sana na ufukwe. Tofauti baina ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita. Na bahari yote inayokizunguka kisiwa, hadi kina cha mita 60, imekuwa hifadhi tangu mwaka 1979. Sehemu za kuingilia majini zimewekewa mawe ya rangi ya manjano kando ya barabara, na mgeni hupakia mitungi yake nyuma ya pikapu akaenda zake bila kumuuliza mtu saa.

Kwetu saa ndiyo jambo la kwanza la kuuliza. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, mara mbili kwa kila siku moja, na mahali ulipoingia maji yakiwa kifuani unaweza kupakuta baadaye pakiwa mwamba mkavu, kinamama wakichokoa pweza kwenye mashimo. Mzamiaji aliyebaki nje ya ukingo wa mwamba wakati maji yanatoa hulazimika kurudi kwa kutembea juu ya matumbawe na mawe yenye ncha, akiwa na mtungi mgongoni na mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha kiunoni, jambo ambalo ni hatari kwake na ni uharibifu kwa mwamba. Kwa hiyo, katika yale mambo manne, Pemba ya magharibi ina mawili kwa ukamilifu, yaani mwamba na kinga ya upepo wa kusi. La hewa safi linapatikana kwa kutafuta. Na la maji halitabadilika, bali mzamiaji ndiye atakayejipanga kulifuata.

Kuhusu Unguja nitasema kwa ufupi. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, ina maji mafupi yanayotanda hadi kwenye mwamba wa nje, ule unaotambulika kwa mstari wa mawimbi meupe, na maji yakipwa wakulima wa mwani hutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba yao. Aliyevaa vifaa vya kuzamia hana namna ya kuufikia mwamba huo bila chombo. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo, lakini boti za kwenda Mnemba na jahazi za matembezi ya jioni hupita mchana kutwa, na mzamiaji asiye na boti ya kumlinda ana haki ya kuzihofia rafadha za vyombo hivyo. Mnemba ni eneo la hifadhi tangu mwaka 2002, nayo hufikiwa kwa boti, na siku za msimu zile boti ni nyingi mno. Chumbe, ambayo bahari yake imehifadhiwa tangu mwaka 1994, hairuhusu mitungi kabisa. Huko mtu huogelea kwa miwani na mrija akiwa na mlinzi wa hifadhi, na kwa anayeridhika na hilo sijui mahali palipotunzwa vizuri zaidi. Karibu na Mji Mkongwe yapo mabaki ya meli ya Great Northern iliyozama mwaka 1902, ambayo yanastahili kuonwa, ila yako nje kabisa na yanahitaji boti na nahodha anayeijua njia.

Pemba ni kisiwa cha aina nyingine. Unguja inakaa juu ya kina kifupi kinachoiunganisha na Bara chini ya bahari, lakini baina ya Pemba na Bara upo mkondo wenye kilindi kinachofikia mita mia kadhaa, na kilindi hicho hukaribia sana visiwa vidogo vya upande wa magharibi. Ndiyo maana maji ya huko huwa na rangi ya buluu iliyoiva, na ndiyo maana siku njema mzamiaji huona umbali wa mita 30 na zaidi. Visiwa vya Njao na Fundo na vinginevyo vimejipanga kama boma mbele ya pwani ya kaskazini-magharibi, na katikati yake ipo milango ambamo maji yote ya ghuba za ndani hupita yakiingia na kutoka. Ukingo mzima wa magharibi, pamoja na Misali, umo ndani ya eneo la hifadhi ya Mkondo wa Pemba lililotangazwa mwaka 2005. Milango ile ndiyo inayosifiwa na wanaozamia kwa boti, kwani mikondo huleta kolekole na samaki wakubwa wa kilindini. Lakini ndiyo sehemu ambayo anayezamia kutoka ufukweni hana ruhusa ya kuikaribia, na hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao. Mkondo unaotoka mlangoni humchukua mtu hadi bahari kuu, na ufukweni hakuna atakayejua.

Kigomasha ni rasi ya kaskazini kabisa, yenye mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Upande wake wa mashariki ni Vumawimbi, ufukwe mweupe mrefu, mzuri kwa kutembea, ambao unapokea upepo wa kaskazi moja kwa moja na haufai kuzamia kwa mtindo ninaouzungumzia. Upande wa magharibi, kuanzia Verani hadi Panga ya Watoro, ndiko kunakofaa. Chini ya mchanga kuna uwanda wa mwamba wenye nyasi za bahari, kisha vichwa vya matumbawe vilivyotawanyika, kisha ukingo unaoteremka. Kuufikia ukingo kunataka kuogelea kwa mgongo, jaketi la kuelea likiwa limejazwa, kwa muda unaomchosha asiye na mazoezi. Mtu aliyezoea boti kumshusha juu ya mwamba ajipime kwanza bila mtungi. Njia ya kupitia si ya kubahatisha. Ngalawa za wavuvi zina mifereji yao ya mchanga katikati ya mwamba, iliyotumika kwa miaka mingi, na kila kijiji kinaijua ya kwake. Ukiomba uonyeshwe, utaonyeshwa, na ukiifuata hutakanyaga tumbawe hata moja wakati wa kuingia wala wa kutoka. Ningependa sana kamati za wavuvi za shehia na wasimamizi wa hifadhi waiwekee mifereji hiyo alama ndogo ufukweni, kwa sababu mgeni asiyeuliza huingia popote, na nimeona matawi ya matumbawe yaliyovunjika karibu na mahali ambapo watu hupenda kuogelea.

Saa ya kuingia ndiyo roho ya jambo hili, na katika hilo kalenda ya mwezi ina manufaa kuliko programu yoyote ya simu. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne za asubuhi na usiku. Maana yake ni kwamba asubuhi nzima ya bamvua imekwisha kwa mzamiaji wa ufukweni, na jioni anapopata maji, mikondo ina nguvu na jua limeanza kushuka. Kinyume chake ni siku za maji mafu, ambazo huangukia takriban baina ya tarehe 7 na 10 za mwezi wa Kiislamu, na tena baina ya tarehe 21 na 24. Siku hizo tofauti ya maji hupungua sana, mikondo hulegea, na maji hujaa baina ya saa nne na saa sita za mchana, wakati jua liko juu na mwanga unashuka vizuri hadi chini. Mwezi mmoja, basi, una siku nane hivi zilizo bora na siku nyingine kadhaa zinazovumilika. Anayepanga likizo yake kwa kuangalia bei ya chumba peke yake anaweza kufika katikati ya bamvua, na hapo hatakuwa na haki ya kukilaumu kisiwa.

Utaratibu wetu, mimi na mwenzangu, ulikuwa kuingia saa moja kabla ya maji kujaa, kuogelea hadi ukingoni wakati maji bado yanasukuma kuelekea nchi kavu, kuzamia kwa kina kisichozidi mita 18, na kuwa tumerudi juu ya uwanda wakati maji yamesimama. Hapo mtungi wa alumini wa lita 11 unatosha kwa utulivu, mradi mtu arudi akiwa bado na akiba nzuri ya hewa kwa safari ya kurejea. Tulichokiona kilitulipa vya kutosha: makundi ya mbono yakiteremka ukingoni, pono wakitafuna matumbawe hadi sauti yao inasikika, mkunga aliyekaa shimoni mwake akifungua na kufumba kinywa, na kasa aliyekuwa akila nyasi za bahari kwenye maji mafupi kabisa, mahali ambapo boti za kuzamia hupita bila kusimama. Huo ndio ubora wa kuzamia kutoka ufukweni ambao boti haiwezi kuutoa: uwanda wenyewe, ambao wengine huuruka, ni sehemu ya safari, na hakuna anayekugongea mtungi kukuita upande kwa sababu wenzako wamekwisha hewa.

Sasa niseme kuhusu huduma, kwa kuwa bila mitungi maelezo yote haya hayana faida. Vituo vya kuzamia vya kaskazini mwa Pemba vinahesabika kwa vidole, vingi vikiwa vimeungana na hoteli, na mazoea yake ni safari za boti pamoja na kiongozi. Kituo tulichokitumia hakikuwa na bei ya kukodi mtungi peke yake kwenye orodha yake, nasi tulilazimika kueleza tunachotaka. Msimamizi alitutaka kwanza tuonyeshe vyeti na madaftari yetu ya kumbukumbu, kisha tuzamie na kiongozi wao mara moja ili aone tunavyojimudu, na baada ya hapo akakubali kutukodisha mitungi na risasi kwa sharti kwamba tumwachie saa ya kuingia na saa ya kutoka. Sharti hilo nalipenda. Kituo kingine, upande wa Unguja, kiliwahi kunipa mitungi bila kuuliza swali hata moja, na kidhibiti cha hewa kilichokuwa kikivuja mdomoni. Huo si ukarimu bali ni uzembe.

Kabla ya kulipa niliomba kuiona kompresa, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo bila haya. Ilikuwa chini ya paa la makuti, imefungwa kwenye sakafu ya saruji, na mpira wake wa kuvuta hewa ulikuwa umepandishwa juu ya mlingoti upande upepo unakotokea, mbali na moshi wa jenereta. Jambo hilo dogo ndilo linalotenganisha hewa salama na sumu, kwa sababu moshi wa dizeli ukiingia kwenye mtungi hauonekani, na madhara yake huzidi kadiri mtu anavyokwenda chini. Kando yake palikuwa na daftari lenye saa za kazi za mashine na tarehe za kubadilisha vichujio, limeandikwa kwa kalamu ya wino, kurasa zake zimelainika kwa mafuta ya mikono. Mitungi ilikuwa na tarehe za kupimwa zilizogongwa shingoni, nayo haikuwa na kutu kwenye uzi wa vali. Tulifungua mmoja kidogo na kuinusa hewa: haikuwa na harufu yoyote. Vifaa vingine vya kukodi vilikuwa vya zamani na majaketi yalikuwa yamepauka, kwa hiyo anayeweza aje na jaketi lake, kidhibiti chake na kompyuta yake ya kupimia kina na muda, aache kubeba mitungi na risasi tu.

Mapungufu ya huduma hiyo ni mawili. La kwanza ni kwamba umeme ukikatika na jenereta ikiwa na kazi nyingine, mitungi haijazwi, na siku moja tulikosa maji mazuri ya saa tano kwa sababu hiyo. La pili ni usafiri wa mitungi: hakuna kigari wala toroli la kuipeleka ufukweni, na kubeba mitungi miwili juani juu ya mchanga laini ni kazi ya kuvunja mgongo. Vijana wa kijijini walitusaidia kwa malipo tuliyokubaliana, nao walifanya kwa uangalifu, lakini kituo chenyewe kingeweza kuliweka jambo hilo katika huduma zake, na vijana hao hao wakapata kipato kinachojulikana.

Misali ni habari nyingine, na kwa mwenye siku mbili tu ningemwambia aanze huko. Ni kisiwa kidogo kisicho na kijiji, magharibi ya Chake Chake, ambacho hukaliwa na walinzi wa hifadhi pamoja na wavuvi wanaopiga dago kwa siku kadhaa kisha wakarudi makwao. Kimehifadhiwa tangu mwaka 1998, na lipo eneo la bahari yake lililotengwa lisivuliwe kabisa. Kufika ni kwa boti ya kukodi, kwa hiyo ni kweli kwamba siku haianzi kwa uhuru kamili; lakini ukishateremka, boti hubaki imetia nanga na wewe unazamia kutokea mchangani, kwa saa yako, mara moja au mara mbili, na katikati unapumzika chini ya miti. Kwenye ufukwe wa Mbuyuni matumbawe yako karibu kuliko popote nilipoona katika pwani yetu. Huhitaji kuogelea kwa mgongo hadi uchoke. Unavaa mapezi maji yakiwa kiunoni, unainama, na mwamba uko mbele yako, na baada ya hapo mwamba huo huteremka kwa mwinuko mkali hadi kwenye rangi ya giza.

Nilipendezwa sana na jinsi kina kinavyobadilika haraka. Juu kabisa, kwenye mita 3 au 4, kuna vitatange na kangaja wasiomwogopa mtu. Mita chache chini, chewa hukaa chini ya vibanda vya matumbawe mapana. Na pembeni, upande wa buluu, macho hayapati kitu cha kushika. Mzamiaji wa ufukweni anatakiwa kuuheshimu upande huo. Kompyuta ya mkononi isomwe mara kwa mara, kwani maji safi humfanya mtu ajione yuko mita 15 kumbe amevuka 25. Inafaa pia kujua kwamba mwamba wa Misali haukusalimika na joto la bahari la mwaka 1998, lililopausha na kuua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi. Zipo sehemu ambazo bado ni vifusi vya matumbawe yaliyokufa, na zipo sehemu ambazo matumbawe machanga yamefunika vifusi hivyo. Kuzamia juu ya mpaka wa sehemu hizo mbili, polepole, bila kundi linalokusukuma mbele, kulinifundisha mengi kuhusu kupona kwa mwamba.

Ada ya kuingia Misali hulipwa kwa wasimamizi wa hifadhi, na mtu adai stakabadhi. Wavuvi wa dago wana haki zao pale tangu zamani, na mgeni ndiye aliyekuja. Usipige picha ya mtu wala samaki wake bila kuomba, usiguse dema lililotegwa hata kama samaki aliyemo anakusikitisha, na usiogelee juu ya nyavu. Vivyo hivyo huko Kigomasha: kupiga hodi kwa sheha siku ya kwanza, kumwamkia na kumweleza kwamba mtaonekana mkiingia baharini na mitungi, ni adabu ambayo hulipa, kwa sababu siku mtakayochelewa kutoka kutakuwa na mtu ufukweni anayejua kwamba kuna watu chini ya maji. Ni vyema pia kuuliza kama kuna sehemu iliyofungwa kwa muda. Baadhi ya jamii za Pemba, kwa mfano Kisiwa Panza upande wa kusini, hufunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue, na kuingia humo wakati wa kufungwa, hata bila kuchukua kitu, huvunja imani iliyojengwa kwa tabu.

Kuhusu msimu, kusi ya katikati ya mwaka huvuma kutoka kusini-mashariki, na pwani ya magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe, ingawa maji hupoa hadi karibu nyuzi 25 na Mkondo huwa na mawimbi makubwa kwa anayesafiri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua huteremsha udongo kutoka mabonde ya ndani na maji ya ghubani huwa ya chai. Miezi ninayoipendekeza ni kuanzia Septemba mwishoni hadi Novemba, upepo unapobadilika na bahari kulala, na tena Februari, kaskazi inapopungua nguvu na maji yakiwa na joto la karibu nyuzi 29. Kaskazi yenyewe ikishika, Kigomasha ya magharibi hupata mawimbi yanayozunguka rasi, na hapo Misali ni chaguo la busara zaidi.

Usalama sitaupitia haraka, kwa kuwa uhuru wa kuzamia bila kiongozi una maana ya kubeba kazi yake. Kila mmoja awe na boya la kujazwa hewa lenye rangi kali na uzi wake, filimbi, na kisu kidogo cha kukatia mishipi ya wavuvi, ambayo ni mingi ukingoni. Viatu viwe vya soli ngumu, kwa sababu kwenye uwanda kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayopenya soli laini. Uliza mapema kama kituo kina mtungi wa oksijeni uliojaa na mtu anayejua kuutumia. Tulipouliza tulionyeshwa, na geji yake tuliisoma wenyewe. Uliza pia, kabla ya kuondoka nyumbani, ni wapi chemba ya kutibu ugonjwa wa mgandamizo (unaompata mzamiaji anayepanda juu haraka mno) iliyo karibu na inayofanya kazi kwa wakati huo, na bima yako ya kuzamia italipia nini. Pemba iko mbali na huduma kubwa, na jibu la busara kwa umbali huo ni kuzamia kwa kina kifupi zaidi ya kile cheti chako kinachokuruhusu na kupumzika kwa muda mrefu zaidi baina ya mtungi na mtungi.

Asiyefaa Pemba ni yule anayetaka kuzamia mara nne kwa siku, anayetaka kuchagua saa yake bila kuyafuata maji, au ambaye jioni yake haikamiliki bila muziki na baa. Baada ya Isha vijiji vya Makangale, huko upande wa Kigomasha, hutulia, chakula cha hoteli ndogo huagizwa mapema, na mwezi wa Ramadhani mchana haupatikani mgahawa wa kukaa na kula nje. Kwa mimi hayo ni sehemu ya sababu ya kwenda. Watu wa huko hawajachoshwa na wageni, na mtu anayepita njiani akiwa amevaa kwa staha, mabega na magoti yamefunikwa, hukaribishwa barazani bila kuuziwa kitu. Wakati wa mavuno, barabara ya kutoka Chake Chake kwenda Konde hunukia karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi pande zote mbili, na harufu hiyo hukaa kwenye mabegi ya vifaa hadi unapofika nyumbani.

Safari yenyewe ipangwe kwa meli kila inapowezekana. Kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani, kusini mwa Pemba, ni saa chache, vifaa vyote huingia bila kupimwa kwa kilo kama kwenye ndege ndogo, na kubwa kuliko yote, meli haimpandishi mtu angani, jambo linaloongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo kwa aliyetoka kuzamia. Shirika la usalama wa wazamiaji la DAN linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 baada ya kuzamia mara nyingi au kwa siku nyingi. Anayerudi Unguja kwa ndege hupoteza siku nzima ya maji mafu, wakati anayerudi kwa meli anaweza kuzamia hata jana yake jioni, mradi ndege yake ya kuendelea mbele iwe mbali vya kutosha. Kutoka Mkoani hadi Konde ni kisiwa kizima, na baada ya Konde barabara hupita ndani ya msitu wa Ngezi kabla ya kufika Makangale, kwa hiyo gari la kukodi liagizwe kabla, kwani daladala haziwezi kubeba mabegi ya aina hiyo bila kuwakera abiria. Ambaye hana budi kuondoka kwa ndege aiweke siku yake ya mwisho kwa ajili ya Ngezi, ambako popo wakubwa wa Pemba huning'inia mchana kwenye miti mirefu, na mitungi aikabidhi kituoni tangu jana yake.